Simu Ikinyamaza, Usidhani Sola Imekufa

WAHENGA walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini si kila kimya, ndugu msomaji. Iwapo umeweka maikroinveta juu ya paa, na siku moja simu ikuonyeshe sufuri ilhali jua linawaka, usikimbilie kumlipa fundi. Huenda umeme unazalishwa kama kawaida, ila habari zake hazikufikii.

Paneli hutoa umeme kama ule wa betri, nayo inveta huugeuza uwe wa volti 240 unaotumiwa na jokofu na televisheni. Nyumba nyingi zina inveta moja kubwa ukutani. Maikroinveta ni ndogo, nayo hufungwa chini ya paneli moja au chache.

Mkazi wa Buruburu ataielewa faida yake upesi. Nyumba nyingi za mtaa huu, ulioanza kujengwa miaka ya 1970, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na wenyeji wameziongezea vyumba na ghorofa. Ghorofa ya jirani ikiitia kivuli paneli moja alasiri, nyingine huendelea na kazi, na simu hukuonyesha ni ipi iliyopungukiwa.

Je, habari hizo husafiri vipi?

Kwanza, hutoka kwenye inveta hadi kisanduku cha mawasiliano ndani ya nyumba. Mitambo ya Enphase, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 2006, huzipitisha katika waya ule ule unaobeba umeme. Usishangae. Wateja wengi wa Kenya Power wana mita ya tokeni nje na kibodi kilichochomekwa kwenye soketi ndani, na viwili hivyo huzungumza kupitia nyaya za stima. Kampuni ya Hoymiles ya Uchina hutumia mawimbi ya redio.

Pili, kisanduku hupeleka habari kwenye ruta ya intaneti. Tatu, ruta huzituma hadi kompyuta za kampuni, ambako simu yako huzichota: wati, volti na joto la kila inveta.

Mazungumzo yanaweza kukatika popote katika safari hiyo. Chaja na taa za bei rahisi huweza kuujaza waya kelele, inveta zisisikike. Zege na mabati huzuia redio. Na ukisahau kulipia intaneti, simu itanyamaza, lakini umeme utaendelea kutiririka.

Kwa hivyo anza na kilicho karibu. Tazama ruta, kisha taa za kisanduku. Halafu, adhuhuri jua likiwaka, angalia kama tokeni zinapungua polepole kuliko usiku. Zikiwa hivyo, huenda sola inafanya kazi. Lakini paneli moja ikinyamaza siku nyingi huku wenzake wakisema, hapo mwite fundi.

Kuna kimya kimoja cha kweli. Stima ikipotea, maikroinveta za kawaida hujizima zenyewe, zisije zikawadhuru mafundi walio kwenye nyaya. Kenya ilipokumbwa na giza usiku wa Agosti 25, 2023, na sehemu nyingi kukosa stima hadi siku iliyofuata, mwenye mitambo hiyo bila betri hakufaidi hata jua la asubuhi. Ukitaka taa wakati kama huo, lazima ununue betri na kifaa cha kuitenga nyumba na nyaya za Kenya Power.

Kabla ya kutoa pesa, muulize fundi leseni yake ya EPRA, iwapo inveta zake hutumia waya au redio, na nani atakayeshika neno la siri. Akaunti iwe kwa jina lako. Kisanduku kikipima pia matumizi ya nyumba, anayezisoma habari hizo hujua saa mnazoamka na siku ambazo nyumba haina mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakulinda, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe.