Risasi isiyolia nayo huua

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu, ni machache yaliyobeba mzigo mzito kama neno risasi. Fungua kamusi yoyote ya maana, nawe utakuta limepewa fasili mbili. Ya kwanza ni madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivujivu. Ya pili ni kile kipande kifyatuliwacho kutoka mtutu wa bunduki. Maana ya pili ni mtoto wa ile ya kwanza, kwani kitu kimepewa jina la madini kilichoundwa kwayo. Hiyo ni taashira, mbinu ambayo walimu wenzangu wa fasihi huifundisha kila siku.

Hata hivyo, vinywani mwa watu mtoto amemmeza mzazi. Ninapowauliza wanafunzi wangu wa semantiki maana ya neno hili, aghalabu wote hutaja bunduki, na ni nadra kumpata anayekumbuka madini. Hoja yangu leo ni kwamba usahaulifu huu si wa kilugha tu. Una gharama, na wanaoilipa zaidi ni watoto.

Tuutazame kwanza ufundi unaowaunganisha mzazi na mtoto. Nchini Marekani wako wapenda shabaha na wawindaji wengi ambao hawanunui risasi madukani, bali huzisubu wenyewe nyumbani, yaani huyeyusha madini na kuyamimina yapate umbo. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza asiye na leseni kumiliki au kujiundia risasi za bunduki. Kwa hivyo nauelezea ufundi huu kama elimu, wala si mwaliko.

Fundi hukusanya risasi chakavu, kwa mfano vile vipande vidogo vinavyotumiwa kusawazisha magurudumu ya gari, akavitia katika chungu cha chuma juu ya moto. Risasi safi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, ilhali chuma huhitaji nyuzi 1,538. Ndiyo maana jiko la kawaida latosha kwa kazi hii, na ndiyo maana inaweza kufanyika katika ua wa nyumba yoyote. Kwa kuwa risasi tupu ni laini mno, huongezewa bati na antimoni ili iwe ngumu. Fundi huchelea tone la maji kuliko moto wenyewe, kwani likizama katika risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla, likapanuka zaidi ya mara 1,000 na kumrushia risasi ya moto usoni.

Takataka zinazoelea huenguliwa, kisha uji ule humiminwa katika kalibu. Kalibu ni neno letu la tangu jadi, nalo limetoka Kiarabu. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba neno hilohilo la Kiarabu, likipitia Kifaransa, ndilo lililozaa istilahi ambayo Waingereza huitumia kutaja upana wa mtutu wa bunduki, nasi tukaipata kama kaliba. Kalibu na kaliba basi ni ndugu waliopotezana njiani.

Risasi ikishapoa hupakwa mafuta. Ikipita kavu mtutuni, kwa kasi na joto lile, huacha utando wa madini ndani ya mtutu na kuharibu shabaha. Kwa sababu hiyo nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta hutiwa katika mifereji midogo iliyoizunguka. Asidhani mtu kwamba mafuta haya ni jambo dogo. Mwaka wa 1857 askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza walipewa bunduki mpya ya Enfield. Baruti na risasi yake vilifungwa pamoja katika karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alipaswa kuing'ata kwa meno ili kuifungua. Zikaenea habari kwamba mafuta yale ni shahamu ya ng'ombe na ya nguruwe, jambo lililowachukiza Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Manung'uniko yaliyokuwa yamerundikana kwa miaka yakapata cheche, na mnamo Mei 10 uasi ukalipuka mjini Meerut.

Askari wale waliyaona mafuta kuwa najisi. Risasi yenyewe haikuhesabiwa kuwa na ila yoyote, si nao wala si na wakuu wao. Nasi, katika jambo hili, tungali tumesimama papo hapo.

Waama, madhara ya risasi hayangoji bunduki. Anayeisubu hatishiwi na mvuke zaidi ya vitu vingine, kwa kuwa risasi huchemka kwa nyuzi 1,749 na chunguni haifiki huko. Hatari kubwa imo katika vumbi: zile takataka zilizoenguliwa, mikono isiyonawiwa kabla ya kula, nguo za kazi zinazobeba unga huo hadi kitandani kwa mtoto. Ikishaingia mwilini, risasi hujifanya kalsiamu na kukaa mifupani kwa miaka na mikaka. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akimeza kiasi sawa na mtu mzima, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi. Humdhuru ubongo, ikampunguzia akili na uwezo wa kutulia darasani.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni ya Wamarekani. La hasha! Sisi hatusubu risasi za bunduki, lakini risasi twaisubu. Mvuvi ahitajiye chubwi huweza kuivunja betri kuukuu ya gari na kuyeyusha vibamba vyake nyuma ya nyumba. Nalo lililotokea Owino Uhuru, mjini Mombasa, halihitaji kukisiwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya mtaa huo mwaka wa 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa amedhurika kwa risasi, akaanza kuwapigania majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka uliofuata mama huyo akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ukatenguliwa katika rufani, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024.

Hakuna bunduki iliyolia Owino Uhuru. Lau ingelia mara moja tu, askari wangefika siku iyo hiyo. Risasi ya pale ilikuwa ile ya fasili ya kwanza, ambayo sisi wenye lugha tumeiachia kamusi.

Lugha imetupoteza kwa njia nyingine pia. Wazee wetu waliiita penseli kalamu ya risasi, hali ndani yake hamna risasi hata chembe bali grafaiti. Hivyo tumeiona risasi pasipokuwepo, tukaacha kuiona ilipo.

Nini basi kifanyike? Mwalimu wa Kiswahili atakapofika kwenye mada ya uhamisho wa maana, na alitumie neno hili kama mfano, kisha awatume wanafunzi watafute risasi majumbani mwao: katika betri kuukuu, katika chubwi, katika rangi za zamani zinazobambuka ukutani. Mwalimu wa sayansi na aipokee kazi hapo, awafunze kunawa mikono na kutochoma betri penye watoto na chakula. Naye anayefundisha jirani na gereji au tanuri la betri, kabla hajamwita mwanafunzi mzito wa kuelewa, na aulize kwanza mtoto huyo huchezea wapi.

Kamusi imetimiza wajibu wake kwa kuihifadhi maana ya kwanza. Kuirejesha vinywani mwa watu ni kazi ya walimu na wanafunzi.