Chevrolet ya 1957 Inauzwa: Tazama Namba Kabla ya Rangi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya tangazo la biashara. Ni tangazo la aina inayoonekana kila siku huko Marekani: Inauzwa Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, ya kufunguka juu, rangi nyekundu, injini ya V8, imekarabatiwa yote kuanzia chesi. Bei dola 85,000, maelewano yapo.

Sisi huku tumezoea magari yaliyotumika yatokayo Japani. Gari likizidi umri, bei inashuka, na swali la kwanza la mnunuzi ni modeli ya mwaka gani. Sasa iweje gari ambalo likiwa jipya dukani liliuzwa kwa dola 2,611 lipande hadi huko? Hata ukihesabu jinsi maisha yalivyopanda, dola hizo za 1957 ni karibu dola 30,000 za leo. Zilizosalia mtu analipia nini?

Kwanza tulijue gari lenyewe. Mwaka 1955 kampuni ya Chevrolet, ambayo ni tawi la General Motors, ilitoa gari jipya kabisa pamoja na injini mpya ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa nne nne kwa umbo la herufi V. Mhandisi mkuu alikuwa Ed Cole. Injini hiyo ilikuwa ndogo, nyepesi na rahisi kutengeneza, na ukoo wake uliendelea kutoka kiwandani kwa miaka mingi sana baadaye. Kabla ya hapo Chevrolet ilijulikana kuwa gari la mtu mwangalifu wa fedha zake, gari la silinda sita. Ghafla likawa gari la vijana.

Bodi ile ya 1955 ilitumika miaka mitatu. Kwa mwaka 1957 wachoraji, chini ya mkuu wao Harley Earl, waliirefusha hadi mita tano na sentimeta nane hivi, wakaipa mapezi ya nyuma kama ya papa, na kwenye Bel Air, ambayo ndiyo iliyokuwa ya daraja la juu, wakaweka nakshi za rangi ya dhahabu na bamba la alumini ubavuni. Hata tundu la kutilia petroli walilificha nyuma ya nakshi ya pezi la kushoto. Injini iliongezwa ikafika lita 4.6. Aliyekuwa na fedha zaidi aliweza kuagiza ile isiyo na kabureta, yenye mfumo wa kusukuma petroli kwa sindano, ambayo ilitoa nguvu za farasi 283.

La ajabu ni kwamba mwaka huo wa modeli Ford, iliyokuwa na bodi mpya, iliuza magari mengi kuliko Chevrolet. Aliyeshindwa sokoni ndiye leo anayegombewa. Na wala si gari adimu, maana za kufunguka juu peke yake zilitengenezwa zaidi ya 47,000. Ninavyoona mimi, thamani yake imetokana na vijana wa wakati ule. Walilitamani wakiwa hawana kitu, wakalinunua baadaye walipokuwa watu wazima wenye fedha, na watoto wao wakarithi tamaa hiyo.

Sasa turudi kwenye tangazo. Neno "imekarabatiwa" halina mipaka. Kwa muuzaji mmoja maana yake ni kwamba bodi ilinyanyuliwa ikatengwa na chesi, kila nati ikafunguliwa, chuma kilichooza kikakatwa na kuchomelewa kipya, injini na gia boksi zikafunguliwa na kupimwa upya. Kazi hiyo huchukua mamia ya saa, na mara nyingi gharama yake hupita bei ya gari likishakamilika. Kwa muuzaji mwingine maana yake ni kupiga puti, kupiga rangi na kushona viti. Picha za magari hayo mawili hazina tofauti hata kidogo.

Ndiyo maana nasema rangi ije baadaye. Kwanza ni namba.

Magari ya Marekani yalianza kutumia namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Kwa Chevrolet ya 1957 namba iko kwenye kibamba kidogo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ikianza na VC57, basi ni Bel Air na ilitoka kiwandani na injini ya V8. Ikianza na C57 bila V, ni Bel Air lakini ilizaliwa na silinda sita. Ikiwa ni VB57 au B57, hiyo si Bel Air hata kama nembo zote za dhahabu zipo, bali ni daraja la chini yake lililoitwa Two-Ten. Herufi inayofuata hutaja kiwanda, kwa mfano F ni Flint na L ni Los Angeles.

Hata hivyo kibamba hicho hakisemi kama gari lilikuwa la kufunguka juu. Hilo husemwa na kibamba cha pili, kilicho ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Hapo Bel Air ya kufunguka juu huandikwa 57-1067D. Ukikuta 57-1037D, gari hilo lilizaliwa na paa la chuma, na mtu amelikata baadaye ili alipandishe bei. Kibamba hicho pia kina namba ya rangi na ya viti vya asili.

Kuna msemo wanaopenda wauzaji, kwamba namba za injini na za gari zinalingana. Kwa magari ya miaka ya baadaye msemo huo una maana kamili, kwa sababu sehemu ya namba ya gari iligongwa pia kwenye injini. Kwa Chevrolet ya 1957 haikuwa hivyo. Injini ya V8 ina herufi ya kiwanda na tarehe iliyounganishwa, na kwenye chuma chake kuna tarehe iliposubuliwa. Kwa hiyo kinachoweza kuonyeshwa ni kwamba injini ilitengenezwa siku chache kabla ya gari. Hilo ni jambo zuri, lakini haliwi ushahidi kwamba ndiyo injini ile ile iliyozaliwa na gari hilo.

Msikilizaji anaweza kudhani huu ni umbeya wa matajiri. La hasha. Namba hizi zinaweza kumpokonya mtu gari lake. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa jimbo la Kansas alinunua Chevrolet Corvette ya 1959 iliyokarabatiwa, kwa dola 50,000, kutoka kwa muuzaji wa jimbo la Indiana. Mwaka uliofuata alipotaka kuisajili, askari wa jimbo waliikagua wakagundua kwamba kibamba cha namba kiliwahi kung'olewa na kurudishwa kwa ribiti zisizo za asili. Inaelekea kiling'olewa wakati wa ukarabati. Mtu yule hakuwa mwizi, wala hakushtakiwa kwa lolote. Lakini sheria ya jimbo ilisema gari lenye namba iliyochezewa liharibiwe. Gari likazuiliwa. Kesi ilikwenda miaka. Mwaka 2022 bunge la Kansas likabadilisha sheria, ili kung'oa kibamba kwa ajili ya ukarabati wa gari la kale na kukirudisha kusiwe kosa, na mwaka 2023 mwenyewe akarudishiwa gari lake.

Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1984 nayo inafanya kuwa kosa kuondoa namba ya gari, ingawa humwachia nafasi fundi ambaye kazi yake inamlazimu kuiondoa. Kila jimbo lina yake juu ya hiyo. Kwa hiyo nguzo ya mlango iliyopigwa rangi vizuri kupita kiasi, na kibamba kinachong'aa juu yake, ni sababu ya kuuliza maswali, na ya kudai picha za kazi ilivyokuwa ikifanyika.

Ugumu wa jambo hili umeongezeka siku hizi, maana karibu kila kipuri cha gari hili kinatengenezwa upya. Bodi nzima ya 1957 inaweza kununuliwa ikiwa mpya, iliyotengenezwa kwa kibali cha General Motors. Mtu akichukua bodi mpya, chesi mpya na injini ya dukani, kisha akabandika kibamba cha namba kilichobaki katika chuma chakavu, hiyo ni Chevrolet ya 1957? Mimi nasema hapana. Ni gari zuri, liuzwe kwa jina lake.

Baada ya namba, lala chini. Sumaku iliyofungwa kitambaa ipitishwe sehemu za chini za milango na za mabawa ya nyuma. Isiposhika, hapo pana puti badala ya chuma. Oza huanzia sakafuni, kwenye vizingiti vya milango na chini ya buti. Chesi ya gari la kufunguka juu kiwandani iliongezewa mihimili iliyopishana kama herufi X ili kufidia ukosefu wa paa. Ikikosekana, umekwisha jua.

Halafu kuna kuliendesha. Gari hili liliundwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, zikitumia mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, breki zote zinakwenda. Usukani umeunganishwa na nondo isiyokunjika, inayomwelekea dereva kifuani. Mikanda ilikuwa ya kuagiza kwa fedha za ziada. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani iitwayo Insurance Institute for Highway Safety iligonganisha Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilometa 64 kwa saa. Sanamu ya dereva wa Malibu ilionyesha jeraha dogo la mguu. Aliyekuwa katika Bel Air angekufa. Chesi ya 1959 si sawa na ya 1957, lakini usukani na kifua ni vile vile. Kwa sababu hiyo simlaumu mwenye gari aliyeweka breki zenye mikondo miwili na diski mbele, hata kama waamuzi wa maonyesho watamkata alama. Mpira wa mabomba ya petroli nao ubadilishwe, kwa kuwa petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa na ethanoli, inayokula mpira wa zamani.

Basi huyo mwenye dola 85,000 aombe mambo manne kabla ya kufungua pochi: picha ya vibamba vyote viwili, hati ya umiliki yenye namba ile ile herufi kwa herufi, stakabadhi za fundi, na ruhusa ya kupandisha gari juu ya jeki mbele ya fundi asiyelipwa na muuzaji. Muuzaji akikubali matatu na kukataa la jeki, fedha zibaki benki. Zilitengenezwa zaidi ya 47,000. Nyingine itatangazwa juma lijalo.