Kuzijua Saa za Injini Kabla ya Kununua Trekta Ndogo Iliyotumika

Ewe mkulima wa Kolwezi na vijiji vya Lualaba, umri wa trekta hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Huhesabiwa kwa saa ilizofanya kazi. Karibu na usukani pana kipimo kidogo chenye tarakimu. Mara nyingi tarakimu ya mwisho, yenye rangi nyingine, ni sehemu ya kumi ya saa. Ukiona 12345 na ile 5 ina rangi yake, basi ni saa 1,234 na nusu, wala si 12,345.

Lakini usikiamini kipimo peke yake. Huweza kuharibika, tena huweza kubadilishwa. Katika trekta nyingi za zamani kipimo huendeshwa na injini yenyewe: ikizunguka polepole, nacho huhesabu polepole. Basi piga hesabu. Trekta inayolima saa 6 kwa siku, siku 60 kwa mwaka, hupata saa 360. Kwa miaka 10 ni saa 3,600. Ukiambiwa trekta ya miaka 20 ina saa 300 tu, hizo ni saa 15 kwa mwaka. Uliza sababu.

Kisha tazama haya:

1. Pedali zilizolika na matundu ya pini za jembe yaliyopanuka ni dalili ya kazi nyingi. Rangi mpya si dalili ya kitu.

2. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, huenda mwenyewe ameficha ugumu wake wa kuwaka. Ngoja ipoe, iwashwe mbele yako.

3. Moshi wa buluu usiokoma maana yake inaunguza mafuta ya injini.

4. Fungua chujio la hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za migodi ni jingi. Chujio likipasuka, vumbi huingia na kusaga silinda. Kwa hiyo trekta ya saa 800 iliyotunzwa vibaya yaweza kuwa mbaya kuliko ya saa 3,000 iliyotunzwa vizuri.

Usilipe kabla fundi wako mwenyewe hajaitazama. Injini ikifa mwezi wa Novemba, mvua haitakungoja: shamba litakosa mahindi, na fedha ya jasho la mgodini itakuwa imekwisha.