Bei ya mafuta inavyobadilisha safari na maisha ya wakazi wa Turkana

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta taa. Jijini Nairobi, wa kwanza kuguna huwa ni mwenye gari. Lakini katika wadi ya Lopur, eneo bunge la Turkana Magharibi, wakazi wengi hawamiliki gari wala pikipiki. Hata hivyo, tangazo hilo huwafikia wote. Humfikia anayenunua unga, anayepeleka mbuzi sokoni na anayemsafirisha mgonjwa hospitalini.

Ili kuelewa jinsi hilo linavyotokea, ni lazima kufuata safari ya mafuta yenyewe.

Safari ndefu ya lita moja

Kenya huagiza kutoka nje mafuta yote yaliyosafishwa inayotumia, kwani kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilisitisha kazi hiyo mwaka 2013. Mafuta hushushwa katika bandari ya Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Nairobi na kuendelea hadi Eldoret. Kutoka huko bomba halisogei tena kuelekea kaskazini. Mafuta ya Turkana hupakiwa kwenye malori, yakapita Kitale, yakashuka hadi Lodwar umbali wa takriban kilomita 300 kutoka Kitale, kisha yakaongeza kilomita nyingine 120 hivi hadi Kakuma.

Mfumo wa kudhibiti bei, ulioanza kutumika Desemba 2010, huweka kiwango cha juu cha bei kwa kila mji. Kiwango hicho hujumuisha gharama ya kununua mafuta ng'ambo, ushuru, faida ya wauzaji na gharama ya kuyasafirisha. Kwa hiyo kadiri mji ulivyo mbali na bomba, ndivyo bei inavyopanda. Na kwa kuwa lori linalobeba mafuta nalo huendeshwa kwa dizeli, bei ya mafuta ikipanda hata gharama ya kuyasafirisha hupanda.

Tena udhibiti huo huishia kwenye kituo cha mafuta. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia, mbali na miji, haina bei rasmi. Huko muuzaji ndiye anayeamua, naye mnunuzi hana wa kumlalamikia. Licha ya kuwa ghali, mafuta hayo yanaweza kuwa yamechanganywa, na kuyahifadhi nyumbani ni kukaribisha moto.

Hesabu ya bodaboda

Machi 2022, mwezi mmoja baada ya Urusi kuvamia Ukraine, lita ya petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 134.72. Septemba mwaka huo serikali iliondoa ruzuku ya petroli na bei ikafika shilingi 179.30. Mnamo Julai 2023 ushuru wa thamani ya ziada, VAT, kwa bidhaa za mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba 2023, huku shilingi ikiwa imedhoofika dhidi ya dola, lita moja ilikuwa shilingi 217.36.

Tuchukue mfano wa mwendeshaji bodaboda anayetumia lita tatu kwa siku. Kwa bei hizo za Nairobi, ambazo ni nafuu kuliko za Turkana, gharama yake iliongezeka kwa karibu shilingi 248 kila siku katika muda wa miezi 19. Fedha hizo zilipaswa kutoka mahali fulani: ama kwa abiria, ama kwenye chakula cha nyumbani kwake.

Mwendeshaji anayejikuta katika hali hiyo hubadili mwendo wake. Huacha kuzunguka mjini akitafuta wateja, badala yake huegesha kivulini na kungoja kuitwa. Hubeba abiria wawili au watatu pamoja na mizigo, ingawa ni hatari na ni kinyume cha sheria. Hukataa safari ya kijiji cha mbali iwapo hana hakika ya kupata abiria wa kurudi naye.

Kusubiri gari lijae

Kwa abiria, mabadiliko huonekana zaidi katika muda kuliko katika nauli. Dereva wa gari la Kakuma hadi Lodwar hawezi kuondoka na viti vitupu mafuta yakiwa ghali. Gari husubiri hadi lijae, na safari ambayo lami mpya imeifupisha hupoteza saa nyingi stendi. Wenye shughuli ndogo huziahirisha na kuzikusanya pamoja: kupata kitambulisho, kununua dawa na kumwona ndugu hufanywa katika safari moja badala ya tatu. Wengine hurudi kwenye desturi ya kutembea kwa miguu.

Yako mambo, hata hivyo, yasiyoweza kukusanywa wala kuahirishwa. Mama anayepatwa na uchungu usiku, au mtoto anayehitaji kufikishwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lodwar, hawezi kungoja gari lijae. Familia hulazimika kukodi gari, na mwenye gari hutoza mafuta ya kwenda na kurudi. Wasio na fedha huanza kuchanga, na katika hali kama hiyo kila saa ina thamani ya uhai.

Mfugaji hulipa mara mbili

Mfanyabiashara wa Kakuma anayeleta unga, sukari na mafuta ya kupikia kutoka Kitale huongeza gharama ya lori kwenye bei ya rejareja. Mwenye duka humhamishia mteja. Kwa wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, ambao wengi wao wamekuwa wakipata sehemu ya msaada wa chakula kwa simu kupitia mpango wa Bamba Chakula ulioanzishwa mwaka 2015, kiasi cha fedha hubaki kilekile huku kapu likipungua.

Mfugaji ndiye wa mwisho katika mnyororo huo, wala hana wa kumhamishia mzigo. Anapouza mbuzi, mnunuzi wa kutoka mbali hupiga hesabu ya lori litakalowabeba wanyama, kisha huipunguza katika bei anayompa. Anapogeuka kununua unga kwa fedha hizo, gharama ya lori lililouleta tayari imeongezwa. Kwa njia hiyo hulipa mafuta mara mbili: mbuzi akishuka kusini, na unga ukipanda kaskazini. Wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mifugo ilipokonda na kufa, hesabu hiyo iliwaumiza wengi.

Nyumbani nako mambo hubadilika. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta taa shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Kufikia Septemba 2023 mafuta taa yalikuwa shilingi 202.61 jijini Nairobi, ghali kuliko dizeli. Mpishi anayeacha jiko la mafuta taa hurudi kwenye makaa na kuni, na miti ya eneo kavu ndiyo hulipa.

Mbona mafuta yamo ardhini mwetu?

Swali hili huulizwa sana, nalo ni la haki. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, Turkana, Machi 2012. Juni 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kwenda Mombasa, na shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo Agosti 2019. Kwa kipindi hicho, malori ya mafuta ghafi yalishuka pwani huku malori ya petroli yakipanda kutoka kusini.

Lakini mafuta ghafi hayawezi kutiwa kwenye pikipiki. Bila kiwanda cha kuyasafisha, mwenye kisima na asiye nacho hununua petroli katika soko lilelile. Faida ambayo mwananchi anaweza kuitarajia ni mgao wa mapato, barabara na huduma, wala si bei nafuu kituoni.

Kipi kinachowezekana

Bei ya dunia haiamuliwi Lodwar wala Nairobi. Yapo, hata hivyo, yaliyo mikononi mwetu. Nauli hupanda siku bei inapopanda, lakini haishuki kwa wepesi huo. Oktoba 2024 petroli ilipokuwa imeshuka hadi shilingi 180.66 jijini Nairobi, abiria alikuwa na haki ya kuuliza nauli yake imepungua kwa kiasi gani. Visima vinavyosukuma maji kwa jua badala ya dizeli huiondoa familia kwenye hesabu hii kabisa. Na ambulensi ya kaunti yenye mafuta katika tangi lake, usiku na mchana, ni muhimu kuliko yote hayo. Mgonjwa wa Lopur hawezi kuambiwa asubiri tarehe 14.