Kutathmini Ubora wa Makala ya Kamusi Elezo kuhusu Riwaya ya Kifantasia: Mfano wa Kusadikika

1.0 Utangulizi
Riwaya ya kifantasia humpa mwandishi wa kamusi elezo mtihani wa pekee. Ulimwengu unaosimuliwa haupo, lakini kitabu kinachousimulia kipo. Kina mtunzi, mwaka wa kuchapishwa na wasomaji wake. Makala bora huzitenga hali hizi mbili bila kumtatiza msomaji. Suala hilo linafafanuliwa hapa kwa mfano wa Kusadikika (1951), riwaya ya Shaaban Robert kuhusu nchi inayoelea angani.

2.0 Vigezo vya Tathmini
Toleo la Kiingereza la Wikipedia hutumia vigezo sita kuitambua makala nzuri: uandishi ulio wazi na sahihi, madai yanayothibitika, upana wa maelezo, kutoegemea upande, uthabiti, yaani kutobadilikabadilika kutokana na mabishano ya wahariri, na picha zinazofaa, zenye haki ya matumizi inayoeleweka. Aidha, mtathmini hapaswi kuwa miongoni mwa wachangiaji wakuu wa makala husika. Vigezo hivi ni vya makala za kila aina. Ugumu hujitokeza vinapotumiwa kupima maelezo ya bunilizi.

3.0 Lugha na Uwiano
Sentensi "Kusadikika ni nchi iliyo angani" ni kweli ndani ya riwaya tu. Katika kamusi elezo, Kusadikika ni nchi ya kubuni. Kiswahili kina nyenzo ya kuidumisha tofauti hiyo, nayo ni viambishi vya njeo. Kiambishi -na- kinafaa kwa msuko: Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe sita. Kiambishi -li- kinafaa kwa historia ya kitabu: kilichapishwa Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Makala inayotumia -li- kotekote humwachia msomaji kazi ya kukisia lipi ni tukio la kubuni na lipi ni la kihistoria.

Uwiano nao una uzito wake. Makala inayosimulia safari ya kila mjumbe kwa kirefu, kisha ikaugusia uhakiki kwa sentensi moja, haitimizi kigezo cha upana, hata ikiwa ndefu kiasi gani.

4.0 Ushahidi
Muhtasari wa msuko huthibitishwa na riwaya yenyewe. Ufasiri hauthibitishwi hivyo. Dai kwamba Kusadikika ni istiara ya utawala wa kikoloni limezoeleka miongoni mwa wahakiki, lakini halina budi kunasibishwa na mhakiki aliyelitoa. Ndivyo ilivyo kuhusu utanzu: kuiita kazi hii fantasia, istiara au ngano ni msimamo wa kihakiki unaohitaji chanzo.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Uhakiki mwingi wa fasihi ya Kiswahili umo katika tasnifu, majarida na kumbukumbu za makongamano ambazo hazipatikani kwa urahisi nje ya maktaba za vyuo vikuu. Mchangiaji wa kujitolea aliye Kigali au Bujumbura anaweza kulijua dai, ila asiwe na chanzo cha kulitegemeza. Akiliacha, makala inapungukiwa upana. Akiliandika hivyo hivyo, halithibitiki. Kwa vyovyote vile, makala itashindwa tathmini kwa kasoro ambayo chimbuko lake si uzembe wa mwandishi.

5.0 Hitimisho
Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Kadiri wasomaji wapya wanavyoongezeka, kamusi elezo huria inaweza kuwa mlango wao wa kwanza wa kuingilia fasihi hii. Kwa hiyo, mambo matatu yanapendekezwa: vyuo vikuu viweke tasnifu na kumbukumbu za makongamano mahali pa wazi, miongozo ya tathmini ya Kiswahili itaje matumizi ya njeo katika maelezo ya bunilizi, na miradi ya kukuza maudhui ya Kiswahili ipimwe kwa ubora wa makala, si kwa idadi yake pekee.