Je, Wajua? Treni Ndogo Zilizolea Wataalamu wa Kompyuta
Reli za mfano zinazojengwa na watu wazima huitwa mara nyingi vitu vya kuchezea, na baadhi ya wajenzi wake huona wanadharauliwa. Wana haki ya kulalamika, kwani kazi hii hudai usahihi mkubwa. Katika kipimo cha HO, kinachopendwa sana duniani, kila kitu hupunguzwa mara 87. Upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5 tu, na kosa dogo huangusha behewa.

Klabu ya reli za mfano ya chuo cha MIT, Marekani, ilianzishwa mwaka 1946. Chini ya meza ya treni zake, wanafunzi waliunganisha swichi za mitambo ya simu mpaka wakapata mfumo tata wa kuongoza treni kadhaa kwa pamoja, kazi ya uhandisi hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi yao walianza kuandika programu kwenye kompyuta ya TX-0 chuoni hapo. Mwanachama mmoja, Peter Samson, baadaye aliuongezea mchezo wa kompyuta wa Spacewar!, uliokamilika mwaka 1962, ramani ya nyota halisi za angani.