Fahamu: Kwa nini Santa Monica inataka kuufunga uwanja wake wa ndege?

Ndege ya DC-3 iliruka mara ya kwanza katika uwanja huu wa Santa Monica, California, Desemba 1935. Kiwanda cha Douglas, kilichoiunda ndege hiyo, kilivuta maelfu ya wafanyakazi, nyumba zikajengwa hadi karibu na uzio. Kiwanda kilihama zamani. Nyumba zimebaki, na waliomo ndio wanaolalamika leo.

Kelele ni nusu tu ya malalamiko. Ndege nyingi ndogo za injini za pistoni bado hutumia petroli yenye madini ya risasi, ambayo magari ya Marekani yalipigwa marufuku kuitumia tangu 1996. Mzazi anayeishi mita chache kutoka njia ya kurukia hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu hatari ya sumu hiyo kwa mtoto wake.

Manispaa ilivutana mahakamani na Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, kwa miaka mingi. Mwaka 2017 wakapatana: njia ya kurukia ikapunguzwa kutoka futi 4,973 hadi 3,500, kwa hiyo ndege kubwa za matajiri zikakosa pa kutua, na uwanja unaweza kufungwa baada ya Desemba 31, 2028.

Marubani wanasema mji utapoteza shule za urubani na mahali pa kutua wakati wa maafa. Hoja ya maafa ina uzito, ukikumbuka California ni eneo la matetemeko ya ardhi.

Ugomvi mkubwa sasa ni ardhi yenyewe, ekari 227. Kura ya 2014 iliamua iwe bustani na maeneo ya wazi. Wengine wanataka nyumba za bei nafuu. Hao itabidi warudi kwa wapiga kura ili uamuzi huo ubadilishwe.